Nafasi ya Kwanza Ni ya Kuazima

Tangu Mei 2024, Google ilipoanza nchini Marekani kuweka majibu yaliyoandikwa na akili mnemba juu ya orodha yake ya matokeo, kisha ikayapeleka katika nchi nyingine nyingi, swali moja limekuwa likizunguka miongoni mwa mawakala wa bima: kuna haja gani tena ya kuwa na tovuti? Mteja anauliza, mashine inajibu, na ukurasa wa wakala unabaki chini bila kufunguliwa. Swali hilo limenirudisha kwenye miaka niliyoifanya kazi ya uwakala, miaka ambayo sehemu kubwa ya jasho letu ilimwagika katika kutafuta wateja kupitia tovuti na kupigania nafasi ya juu katika matokeo ya utafutaji. Naipitia tena miaka hiyo hatua kwa hatua kwa sababu kila hatua iliacha funzo, na mafunzo hayo yanajibu swali la leo vizuri kuliko hofu ya leo. Ninachokiamini baada ya yote ni hiki: nafasi ya kwanza katika matokeo ni kitu cha kuazima, na mwenyewe anaweza kukidai siku yoyote. Kilicho cha wakala mwenyewe ni maelezo ya kweli, yaliyoandikwa kwa lugha ya mteja, kuhusu kile ambacho bima inalipa na kile ambacho hailipi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa kanga, samaki na maembe methali hiyo ina ukweli wake, maana mnunuzi anashika, ananusa, anapima kwa macho. Bima haina cha kushikwa. Anayelipa leo ananunua ahadi ya kulipwa siku ambayo anaomba isifike, na ubora wa ahadi hiyo hauonekani mpaka gari ligongwe au duka liungue. Ndiyo maana bima, hata ikiwa nzuri namna gani, hulazimika kujitembeza: wakala anapanda ngazi za maofisi, anakaa kwenye vijiwe vya madereva, anawapigia simu ndugu na majirani. Na baada ya kutembea kote huko, ada za bima nchini Kenya na Tanzania bado hazifikii asilimia 3 ya pato la taifa, ilhali Afrika Kusini zinapita asilimia 10. Tovuti ilileta jambo ambalo matembezi hayakuwa nalo. Bango la barabarani humkuta mtu akiwaza mambo yake. Utafutaji humkuta akiwaza bima. Anayeandika kwenye simu yake kwamba bima ya gari imeisha, afanyeje, ameshafika kwenye uamuzi ambao wakala wa miguu angehitaji wiki kadhaa kumfikisha. Huyo ndiye mteja mtarajiwa, na makosa yetu yote ya miaka ile yalizaliwa pale tulipomhesabu kama jina na namba ya simu, tukasahau kwamba ni mtu aliyekuja na swali.

Historia ya bima yenyewe ilikuwa imeshatufundisha hili, kama tungeisikiliza. Soko kubwa la bima la London lilianzia katika mgahawa wa kahawa wa Edward Lloyd, ambao tayari ulikuwa ukitajwa mwaka 1688 katika mtaa wa Tower Street na ukahamia Lombard Street mwaka 1691. Lloyd hakuwa akiuza bima. Alichokuwa nacho, zaidi ya kahawa, ni habari za meli: ipi imeng'oa nanga, ipi imefika, ipi haijulikani ilipo. Mwaka 1696 alichapisha habari hizo katika gazeti dogo, na mwaka 1734, yeye akiwa ameshafariki, Lloyd's List ilianza kutoka. Manahodha, wafanyabiashara na watu waliokuwa tayari kubeba hatari ya safari walikusanyika pale kwa sababu palikuwa na habari za kuaminika, na biashara ya bima ikaota juu ya habari hizo. Mpangilio huo ndio wa kuzingatia: habari zilitangulia, biashara ikafuata. Sisi tulianza kinyume, tukitaka biashara kwanza na tukiziona habari kuwa pambo la tovuti.

Hatua yetu ya kwanza ilikuwa ya kipeperushi. Tovuti ilijengwa, ikawekwa picha ya familia inayotabasamu na maneno yaliyonakiliwa kutoka kwenye vipeperushi vya kampuni, mengi yakiwa ya Kiingereza: historia ya ofisi, dira, dhamira, na orodha ya aina za bima bila maelezo. Ilipendeza, na haikuleta mtu. Sababu yake inaeleweka ukijua namna injini ya utafutaji inavyofanya kazi. Google, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, hupitia kurasa za mtandao, huzihifadhi katika faharasa yake, kisha huzipanga kwa kulinganisha maneno na maana ya swali la mtu na kilichomo kwenye ukurasa. Ukurasa usiojibu swali lolote hauna pa kukutana na muulizaji. Hakuna mwenye bajaji anayeketi jioni na kutafuta dira ya ofisi ya wakala. Anatafuta kama bajaji ya mkopo lazima iwe na bima kubwa, au kama abiria wake aliyeumia atalipwa. Kipeperushi hujibu maswali ambayo muuzaji angependa kuulizwa. Funzo la hatua hiyo lilikuwa kwamba tovuti ya bima inapaswa kuandikwa kwa kuanzia kwenye kinywa cha mteja, kwa maneno anayoyatumia yeye kijiweni na nyumbani, hata kama si yale yaliyo kwenye mkataba.

Hatua ya pili ilikuwa ya kukimbilia cheo. Tuliposikia kwamba Google huchukulia kiungo kutoka tovuti nyingine kama kura ya kuaminika, walijitokeza waliokuwa tayari kutuuzia kura hizo kwa mamia, pamoja na ahadi ya ukurasa wa kwanza ndani ya miezi michache. Viungo vilinunuliwa, kurasa zikajazwa neno lile lile likirudiwa mpaka sentensi zikapoteza maana, na kwa muda tulipanda. Kisha tukashuka, na tukawa chini kuliko tulikoanzia. Yaliyotukuta yalikuwa madogo mbele ya yale yaliyokuwa yameshawakuta wakubwa. Mwanzoni mwa mwaka 2008 GoCompare, tovuti ya Uingereza ya kulinganisha bei za bima, ilitoweka kwenye matokeo ya juu ya utafutaji wa bima ya gari baada ya Google kuona viungo visivyo vya kawaida. Mwezi Machi 2011 Google ilinunua tovuti nyingine ya aina hiyo, BeatThatQuote, na mara tu baada ya kuinunua ikaiadhibu kwa kosa lile lile la viungo. Mwaka 2012 adhabu hiyo ikawa kanuni ya mashine: badiliko lililoitwa Penguin, la mwezi Aprili, liliwashusha kwa mkupuo wengi waliokuwa wamenunua kura. Mwenye nyumba anayeweza kuiadhibu hata mali aliyoinunua kwa fedha zake hawezi kutegemewa kumwonea haya mpangaji. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba cheo cha juu ni cha kuazima, na kwamba aliyekipata kwa hila ameazima kwa masharti magumu zaidi.

Hatua ya tatu ilikuwa ya kununua. Kama nafasi haipatikani bure, tulijiambia, tulipe. Google ilianza kuuza matangazo ya maneno mwaka 2000, na neno bima likawa miongoni mwa ghali kupita yote. Kampuni ya WordStream ilipochambua maneno ya bei ya juu mwaka 2011, kundi la bima liliongoza, kubofya mara moja kukifikia dola 54.91 za Marekani. Bei za soko letu ziko mbali na hizo, lakini hesabu yake inafanana: kampuni zenye mifuko mirefu hupandisha bei ya neno mpaka kamisheni ya wakala mdogo haiwezi kulibeba. Palikuwa na njia nyingine iliyoonekana nafuu, ya kununua orodha za majina na namba za watu waliosemekana wanataka bima. Orodha hizo zilikuwa na kasoro mbili. Jina lile lile huuzwa kwa mawakala kadhaa, hivyo mtu anapigiwa simu mpaka anachukia neno bima lenyewe. Na wengi walioandikwa humo hawakuwahi kuomba kupigiwa. Leo njia hiyo ina hatari ya kisheria pia: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote mbili zinataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu anayoijua na zitumike kwa sababu hiyo. Hata kama sheria hizo zisingekuwepo, hoja ya msingi ingesimama: anayeuza ahadi hawezi kuanza uhusiano kwa kumfikia mtu kwa siri. Tangazo la kulipia halina ubaya wenyewe. Huleta mtu mlangoni, basi. Asipokuta jibu ndani, fedha imelipia hatua zake za kuja na kuondoka.

Mtu anaweza kudai kwamba tulishindwa kwa sababu tulikuwa wadogo, na kwamba mwenye nguvu ya kutosha angeweza kuigeuza nafasi ya kwanza kuwa wateja bila shida. Jibu lipo katika kumbukumbu za Google yenyewe. Nani angekuwa na nafasi ya kwanza ya uhakika zaidi kuliko mwenye orodha? Google iliendesha huduma ya kulinganisha bima, Google Compare, nchini Uingereza kuanzia mwaka 2012, na mwezi Machi 2015 ikaifungua California kwa bima ya magari. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2016, iliifunga huduma hiyo pande zote mbili, ikikiri kwamba haikupata mafanikio iliyoyatarajia. Macho ya watu ilikuwa nayo, ujuzi wa kupanga matokeo ilikuwa nao, na fedha haikupungua. Kuonekana kunamfikisha mteja mpaka kizingitini. Kuvuka kizingiti na kutia saini kunahitaji kitu kingine, ambacho mwenye orodha hawezi kujipa kwa kujipanga juu.

Kitu hicho tulikigusa katika hatua ya nne, tulipoanza kuandika majibu. Kila swali lililorudiwa na wateja lilipewa ukurasa wake, kwa Kiswahili, likiwa na kichwa kinachofanana na namna watu wanavyouliza. Mazingira ya Tanzania yalitusaidia kuona umuhimu wake. Bima ndogo ya gari dogo la binafsi, ile inayolipa madhara ya watu wengine na kuliacha gari lako mwenyewe nje, imezoeleka Tanzania Bara kwa bei ya shilingi 118,000, yaani 100,000 pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Bima kubwa nayo hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari, na viwango vya chini huwekwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA. Pale ambapo bei imewekewa sakafu, wakala hawezi kumshinda mwenzake kwa kushusha. Ushindani unabaki kwenye jambo moja: nani amenieleza nikaelewa. Na kwa kuwa mikataba mingi ya bima imeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, anayeieleza kwa Kiswahili kinachosomeka anafanya kazi ambayo fedha ya matangazo haiwezi kuifanya. Kurasa hizo hazikupanda kwa kishindo. Zilipanda taratibu, zikakaa, na waliopiga simu kutoka kwenye kurasa hizo walikuwa wameshajua wanachokitaka. Mazungumzo yalianzia katikati.

Miongoni mwa kurasa zote, zilizoleta wateja bora ni zile tulizosita kuziandika: zilizoorodhesha yale ambayo bima hailipi. Kwamba dereva asiye na leseni halali anaweza kuifanya kampuni ikatae madai. Kwamba gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi, likikutwa limebeba abiria wa kulipa, liko nje ya mkataba. Kwamba kuna kiasi ambacho mwenye gari hubeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa chake. Kwamba nyumba yenye thamani ya shilingi milioni 100 ikiandikishwa kwa milioni 50, hasara ya milioni 20 inaweza kulipwa milioni 10 tu, kwa sababu mwenye nyumba alilipia nusu ya hatari. Pingamizi lilikuwa kali na linaeleweka: ukimtisha mteja kabla hajalipa, ataondoka. Baadhi waliondoka kweli. Ila wanaoondoka kwa sababu hiyo ndio ambao wangerudi siku ya ajali wakidai walidanganywa, na mmoja wao akisimulia kisa chake kijiweni huondoa wateja wengi kuliko wale ambao ukurasa uliwahi kuwaleta. Aliyebaki baada ya kusoma mipaka anaiamini pia sehemu inayoahidi malipo, kwa kuwa ameona kwamba mwandishi hakuficha. Watu wetu hawakuichukia bima kwa kukosa kuisikia. Wengi waliichukia kwa sababu waliisikia nusu.

Msingi wa jambo hili ni wa kale katika sheria. Mwaka 1766, katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm, Jaji Mansfield wa Uingereza aliamua shauri la bima ya ngome moja huko Sumatra iliyotekwa na Wafaransa, na akaeleza kanuni inayoongoza bima mpaka leo: mkataba wa bima husimama juu ya nia njema kamili, na kila upande una wajibu wa kutoficha jambo muhimu analolijua. Sisi mawakala hupenda kuikumbuka kanuni hii tunapomkumbusha mteja aseme ukweli kwenye fomu ya maombi. Mansfield aliikusudia kwa pande zote mbili. Alitoa mfano wa mtoa bima anayekubali kulipwa kwa safari ya meli ambayo kwa siri anajua imeshafika salama. Mkataba huo nao, alisema, ni batili. Katika zama zetu, mahali pa kwanza ambapo upande wa mtoa bima unaweza kusema ukweli wake ni ukurasa unaosomwa kabla simu haijapigwa. Tovuti inayoficha mipaka ili ijaze fomu nyingi imeikosa nia njema hata kabla mteja hajatamka neno.

Wapo wanaosema mafunzo haya ni ya nchi nyingine, kwa kuwa huku kwetu bima hununuliwa kwa mtu unayemjua, au kwa ujumbe wa WhatsApp, wala si kwa kutafuta mtandaoni. Nakubali nusu ya hoja. Ni kweli kwamba jina la wakala hufika kwa mdomo wa rafiki. Ila kati ya kusikia jina na kutuma fedha kwa simu, siku hizi kuna hatua ya kuhakiki, nayo hufanyika mtandaoni. Stika bandia za bima zilishawaumiza madereva wengi mno kwa hatua hiyo kuonekana ya ziada. TIRA yenyewe iliweka mfumo wa TIRA MIS ambao humwezesha mtu yeyote kuhakiki bima ya gari kwa namba ya usajili, na ukurasa wa wakala unaomwelekeza mteja kufanya hivyo, hata dhidi ya stika aliyoitoa wakala mwenyewe, umeshampa sababu ya kumwamini. Vivyo hivyo kwa ofisi kuonekana kwenye ramani ya Google ikiwa na anwani sahihi, namba inayopokelewa na maoni ya wateja halisi. Mdomo wa rafiki huleta jina, utafutaji hulithibitisha, na WhatsApp humaliza mazungumzo. Anayeikosa hatua ya katikati hupoteza watu ambao hatajua kamwe kwamba walikuwa njiani kuja kwake.

Pingamizi jingine ni la ukubwa: wakala wa chumba kimoja atawezaje kuipita kampuni kubwa au benki yenye dawati la bima? Kwa maneno mapana kama bima ya gari, hawezi, na asipoteze usiku wake kujaribu. Lakini maisha hayaulizi maswali mapana. Dereva wa lori anayekaribia Tunduma akielekea Zambia na Kongo anataka kujua Kadi ya Njano ya COMESA, ile bima ya kuvukia mipaka, inapatikana wapi na inafunika nchi zipi. Mwenye duka wa Mwanza anauliza kama bima ya moto inalipa mali iliyoibwa wakati wa vurugu za kuzima moto huo. Aliyegongwa na gari lisilo na bima anataka kujua aanzie polisi au kwa kampuni yake. Maswali ya namna hii ni membamba, huulizwa na wachache, na kurasa za Kiswahili zinazoyajibu kwa ukamilifu ni haba. Mkubwa hana muda nayo. Wakala anayeijua njia ya Tunduma anayo majibu kichwani tayari. Kurasa 50 nyembamba, kila moja ikileta watu wachache walio tayari, zina faida kuliko ukurasa mmoja unaogombea neno pana na kushindwa kila mwezi. Ziwe nyepesi pia, kwa sababu wengi husoma kwa simu na bando la kuhesabu, na tangu Aprili 2015 Google huzipendelea kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu.

Kuna jambo ambalo hakuna cheo kinachoweza kulifidia, nalo ni kile kinachotokea baada ya mteja kuacha namba yake. Uchunguzi uliochapishwa katika Harvard Business Review mwaka 2011 ulionyesha kwamba kampuni zilizomtafuta mteja ndani ya saa moja zilikuwa na nafasi karibu mara saba ya kufanya naye mazungumzo ya maana kuliko zilizochelewa hata kwa saa moja zaidi. Sisi nasi tuliwahi kupoteza wateja kwa namna hiyo: ukurasa uliwaita, fomu ikawapokea, kisha maombi yao yakalala kwenye sanduku la barua pepe mpaka Jumatatu. Kwa mtu aliyeuliza kwa sababu stika yake inaisha kesho asubuhi, kimya hicho kilikuwa jibu. Alijifunza kutoka kwetu namna tutakavyokuwa siku atakapopiga simu akiwa barabarani na gari lililopondeka. Ahadi ni deni, na fomu inayosema tutakupigia ni ahadi ya kwanza kabisa ambayo wakala humpa mteja wake. Fomu nayo isiombe kuliko inavyohitaji. Jina, namba, aina ya bima na saa nzuri ya kupigiwa vinatosha kuanza; namba ya kitambulisho na taarifa za afya zina wakati wake.

Sasa turudi kwenye akili mnemba. Hofu ina msingi: maswali mepesi yatajibiwa juu ya orodha, na kurasa zilizojengwa kwa kurudia maneno ya wengine hazitafunguliwa. Lakini jibu la mashine linatokana na kurasa zilizoandikwa na watu, na pale Kiswahili kinapokosa kurasa nzuri, mashine hujibu kwa kubahatisha au kwa sheria za nchi nyingine. Mtu wa Mbeya anayeambiwa utaratibu wa madai wa Ohio amepotezwa, hata kama sentensi ni fasaha. Google yenyewe, katika mwongozo wa watu wanaoipimia ubora wa matokeo, huweka masuala ya fedha na usalama wa mtu katika kundi linalohitaji umakini wa hali ya juu, na mwezi Desemba 2022 iliongeza uzoefu wa mwandishi miongoni mwa mambo ya kupimwa. Zaidi ya hayo, kuna kitu ambacho mashine haikibebi. Haina leseni ya TIRA, haitii saini, na haiendi na mteja kituo cha polisi kufuata ripoti ya ajali. Mtu anaweza kusomewa majibu na mashine, lakini kabla ya kukabidhi fedha hutaka kujua nani atawajibika. Ukurasa wa wakala unaoonyesha jina lake, leseni yake, ofisi yake na maelezo aliyoyaandika mwenyewe unalijibu swali hilo, ukiwa wa kwanza au wa saba.

Kwa hiyo, kwa wanaoanza leo, ushauri wangu hauko katika mbinu za kupanda. Mbinu za mwaka 2008 zilikufa mwaka 2012, za sasa nazo zitakufa, na mwenye orodha ataendelea kuipanga apendavyo. Ushauri wangu ni kubadili kipimo. Kwa miaka mingi tulihesabu waliotembelea tovuti, kisha tukahesabu fomu zilizojazwa, na hesabu zote mbili zilitufurahisha bila kutuambia kama kazi yetu ni njema. Kipimo kilichonyooka ni wangapi kati ya waliokuja kupitia tovuti walirudi kukata bima mwaka uliofuata, na wangapi kati ya waliopata hasara walilipwa walichodhani wangelipwa. Ukurasa wa bima hauandikiwi siku ya kubofya. Unaandikiwa siku ambayo mtu amesimama kando ya barabara au mbele ya majivu ya duka lake, anafungua simu, anausoma tena ule ukurasa uliomleta kwetu, na anakuta kwamba maneno yake hayajabadilika.